Mbao Ibebe, Ngozi Izuie: Mhadhara Kuhusu Tangi la Samaki la Plaiwudi

Habari za mchana, ndugu zangu. Kabla sijaanza, naomba kipande hiki kipite mkono kwa mkono, kuanzia safu ya mbele. Ni kona ya tangi langu la kwanza. Shikeni pale ukingoni, palipovimba kama kidole kilichobanwa na mlango. Siku naileta nyumbani, plaiwudi hiyo ilikuwa na unene wa milimita 18. Hapo sasa ina 23. Matabaka yameachana, na ukitaka unaweza kuingiza ukucha kati yake.

Waliofanikiwa mara ya kwanza wana matangi mazuri, lakini hawana cha kuwashikisha. Mimi ninacho.

Mtu akisikia tangi la plaiwudi, huuliza: mbao na maji, wapi na wapi? Nami humuuliza: mashua ni ya nini? Fundi wa mashua hakuwahi kutegemea ubao peke yake uzuie maji. Ubao ulibeba, kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mashua, ikazuia. Kila kitu kilikuwa na kazi yake. Tangi letu ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba mashua husukumwa na maji kutoka nje, na tangi husukumwa kutoka ndani. Kosa langu, na nimeliona kwa wengine wengi, lilikuwa kuchanganya kazi hizo mbili. Nilidhani plaiwudi nzuri ikipakwa rangi nzuri, basi. Nilikuwa nategemea mbao izuie, na rangi ishikilie kona. Kazi zilibadilishana wenyewe.

Tuanze na kubeba. Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60, kimo 60. Likijaa pomoni ni lita 648, yaani kilo 648 za maji, kabla hujahesabu mbao, kioo na changarawe. Uzito huo ni kazi ya meza na sakafu. Meza ishike kitako chote, iwe sawa kwa pimamaji, na hapo nimemaliza habari ya meza.

Ukuta una hesabu nyingine. Mwanahisabati Simon Stevin aliieleza mwaka 1586: msukumo wa maji hutokana na kina, si wingi. Juu kabisa hakuna msukumo, chini kabisa ndiko uliko mwingi, na wastani wake ni ule wa katikati ya kimo. Kwa hiyo ukuta wetu wa mbele, wenye mita 1.8 kwa 0.6, unasukumwa kana kwamba umeegemewa na kilo 324. Ni watu wazima wanne au watano, usiku na mchana, hawachoki. Na tangi likiwa na upana wa sentimita 60 au wa mita tatu kwenda nyuma, ukuta huo wa mbele haujali. Lakini ongeza kimo mara mbili, na msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka tangi refu la kwenda juu, namshauri alilaze.

Plaiwudi inaiweza kazi hiyo kwa sababu nyuzi za kila tabaka hukatiza nyuzi za tabaka lililo chini yake, hivyo haipasuki kirahisi kama ubao wa kawaida. Chagua ile ya kutengenezea mashua kama unaimudu. Ina gundi isiyoogopa maji na haina mapengo ndani. Kama huimudu, kata kipande uangalie ubavu wake: ukiona tundu kati ya matabaka, rudisha.

Ukuta wa mbele usiunge vipande vinne kama fremu ya picha. Toboa dirisha katika ubao mmoja mzima, ukiacha sentimita 10 kila upande, na kona za dirisha uziache za mviringo, maana kona kali ndiko ufa unakoanzia. Juu ya tangi nako weka ubao kama huo wenye uwazi katikati, ili kuta zisitanuke. Mimi la kwanza sikuweka. Tangi lilipata kitambi.

Viungo ni gundi na skrubu pamoja. Skrubu hubana hadi gundi ishike, baada ya hapo gundi ndiyo inayobeba. Toboa kwa keekee kwanza, la sivyo skrubu itayatenganisha matabaka ubavuni, na utakuwa umetengeneza mlango wa maji kwa mkono wako.

Sasa ngozi, yaani mpako wa ndani wa kuzuia maji. Hapa nitakaa kidogo, kwani hapa ndipo matangi hufa.

Mimi natumia epoksi, ile ya kuchanganya mikebe miwili, mmoja wa utomvu na mmoja wa kigumishi. Fuata kipimo kilichoandikwa, hata kwa mizani. Kuongeza kigumishi ili ikauke haraka hakusaidii. Unapata kitu chenye kunata milele. Na usichanganye nyingi. Siku moja nilichanganya nusu lita, nikaiacha mkebeni nikaenda kutafuta brashi. Niliporudi mkebe ulikuwa unafuka moshi. Epoksi inapoganda hutoa joto, na joto hilo likikosa pa kwenda huharakisha kuganda zaidi. Imwage kwenye trei pana, ikae nyembamba. Vaa glavu, fungua madirisha, na unapopiga msasa ziba pua na mdomo, vumbi lake si la kuvuta.

Kabla ya yote, bandika kanda za kitambaa cha faibaglasi kwenye kona zote za ndani, uziloweshe epoksi mpaka ziwe kama zimetoweka. Kona ndiyo inayocheza tangi linapojazwa, na epoksi peke yake ikichezeshwa hupasuka ufa mwembamba kuliko unywele. Tukisema usipoziba ufa utajenga ukuta, huwa tunafikiria ufa unaoonekana. Huu hauonekani.

Paka jioni, joto linaposhuka. Mbao ina hewa ndani. Ikipata joto hewa hiyo hutanuka na kutoka kupitia epoksi mbichi, na kila kiputo kinapopasuka huacha tundu la ncha ya sindano. Joto likishuka, hewa hurudi ndani na kuivuta epoksi pamoja nayo. Kingo zilizokatwa hunywa kuliko uso, zipe tena na tena hadi zishibe. Vichwa vya skrubu vizamishe, uvifunike kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao. Hicho kipande mnachoshika kilikufa kwa kichwa kimoja cha skrubu ambacho sikukifunika vizuri. Tangi lilikaa siku tisa kavu kabisa kwa nje. Usiku wa kumi nikasikia tone. Nikadhani ni bomba la jikoni. Nikalala.

Ujanja nilioupata baadaye ni wa rangi. Tabaka la kwanza liache wazi, la pili lipe rangi nyeupe, la tatu nyeusi au buluu. Palipobaki weupe, brashi yako haikupita. Kisha zima taa, laza tochi ubavuni mwa ukuta, umulike. Matundu yote yatajitokeza kwa vivuli vyake. Kati ya tabaka na tabaka, ikiwa limekwisha kukauka, osha ule utando wa kunata kwa maji na upige msasa. Ukiruka hatua hiyo, tabaka la juu linakaa juu ya mafuta. Halafu liache wiki nzima likomae.

Kioo kiwekwe kwa ndani. Narudia, kwa ndani, ili maji yakisukume kwenye fremu, si kukibandua. Kizidi dirisha kwa sentimita 5 kila upande. Mimi kwa kimo hiki niliweka cha milimita 12. Silikoni ya kukibandikia iwe ile tupu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Ile inayonuka siki inapokauka haina ubaya, harufu huisha. Kwaruza epoksi kwa msasa pale kioo kitakapokaa, na usikikandamize hadi silikoni yote itoke. Acha kitanda cha milimita 3 hivi. Na usiweke silikoni popote kabla rangi haijakamilika. Hakuna kinachoshika juu ya silikoni isipokuwa silikoni yenzake.

Kujaribu: tandaza magazeti makavu chini, jaza theluthi, subiri siku nzima, ongeza. Vuta uzi mbele ya kioo uone kama ukuta unatoka. Weka na ndoo ya maji kando, ukiwa umetia alama ya usawa kwenye ndoo na kwenye tangi. Maji ya tangi yakishuka milimita 2 na ya ndoo yakashuka vilevile, ni mvuke tu. Yakipishana sana, kuna mahali yanapita. Maji hayo ya kwanza yamwage.

Habari ya samaki wenyewe ni mhadhara mwingine. Nitasema tu kwamba tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki; bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita, na samaki wanaotiwa siku ya kwanza ndio wanaolipa.

Nina muda wa swali moja. Naam, mama pale nyuma. Anauliza: tangi kama hili linahamishwaje?

Limwage, litoe vitu vyote, tafuta watu sita, na upime mlango. Mlango, mama, upime kabla hujakata ubao wa kwanza. Langu la pili nililijenga chumbani kwa sababu ya mvua. Lilitoka zuri mno, halijavuja mpaka leo, na lina upana wa sentimita 90. Mlango una 80. Kitanda ndicho kilichohama.