Jino Moja na Nukta Mbili: Mhadhara juu ya Mpelelezi Mjuzi wa Nasaba

Assalamu alaykum. Wazee wangu, walimu wangu, na nyinyi vijana mnaoandika, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya hadithi ya upelelezi ya mji mdogo, ile ambayo damu haimwagiki mbele ya msomaji, mpelelezi si askari wala halipwi, na wahusika wote ni majirani wanaoazimana chumvi. Waingereza wameilea hadithi ya namna hii katika vijiji vyao kwa miaka mingi. Sisi nasi tuna chetu: Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alitutolea Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960, na tangu hapo msomaji wa Kiswahili anajua kwamba fumbo hufumbuliwa kwa kutulia na kufikiri. Leo nataka kumleta mpelelezi mwengine, ambaye yumo katika kila mtaa wa Unguja na Pemba ila hatujampa hadithi yake: yule bibi anayejua nasaba za watu.

Nyote mnamjua. Ukipita barazani kwake hakuulizi jina lako, hukuuliza: "Mtoto wa nani weye?" Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alinifunza kuyataja majina ya mababu kwa kukunja vidole, na nikikosea alikikunjua kidole kile akanirudisha nyuma. Kwetu jina la mtu ni lake, la baba na la babu. Mjukuu huitwa kwa jina la babu, hata Ali Hamad Ali Hamad wakafuatana vizazi vinne, na anayehesabu kwa pupa akaruka mtu mzima bila kujua. Mwanamke akiolewa habadilishi jina, hubaki binti wa baba yake, lakini katika shajara nyingi, yaani maandishi ya nasaba za koo, mama hawaandikwi kabisa. Hapo ndipo fumbo linapokaa.

Niruhusuni nikubunieni kisa, maana siwezi kueleza bila mfano. Tukiweke Wete, kule Pemba. Mzee wa miaka themanini na kitu amefariki, amezikwa siku ile ile kabla ya magharibi, na matanga hayajaanuliwa binamu yake anakuja na hati ya wakfu, yaani ya mali iliyofungwa isiuzwe, ya nyumba ya mawe yenye maduka mawili chini, ambamo marehemu ameishi umri wake wote. (Nimechagua nyumba kwa makusudi. Mashamba mengi ya mikarafuu yalichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 na watu wakagaiwa eka tatu tatu, kwa hivyo kisa cha shamba kingetutoka mikononi kikawa cha siasa.) Hati ni ya mwaka 1320 wa Hijra, yaani 1902 kuingia 1903. Aliyeiweka wakfu alikuwa na wana wawili, Hassan wa mkewe na Hussein wa suria wake, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, na hati inasema nyumba ni ya mwana wa suria na kizazi chake. Jina lililoandikwa ni Hassan. Marehemu ni mwana wa Hussein. Kwa hati hiyo, watoto wake hawana haki hata ya ngazi.

Mpelelezi wetu, mwalimu mstaafu wa chuo cha Kurani, anaomba kuishika hati ile kwa mkono wake. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mwandishi akiharakisha hapa ameiua hadithi. Katika herufi za Kiarabu, Hassan ni ha, sini na nuni. Hussein ni ha, sini, ya na nuni. Majina haya mawili yanatenganishwa na jino moja na nukta mbili chini yake. Sini ina meno matatu, lakini karani mwenye mkono mwepesi huivuta ikawa mstari mtupu. Bibi anaielekeza karatasi dirishani. Mstari wa sini umenyooka bila jino, kisha, kabla ya nuni, limesimama jino moja peke yake, na chini yake karatasi imekuwa nyembamba hata mwanga unapita. Mtu amezikwangua nukta kwa ncha ya kisu, jino akaliacha. Msomaji naye lazima alione jino hilo wakati ule ule anapoliona bibi. Kumficha ni kumdhulumu.

Kila mmoja atamshuku binamu, kwani ndiye anayepata nyumba, na mwandishi hodari atamwacha msomaji ashuku hivyo kwa kurasa nyingi. Lakini hati haikuwahi kutoka katika kasha la marehemu mpaka alipoitoa mwenyewe, akampa binamu mwaka mmoja kabla ya kufa. Aliyekwangua ni yule yule anayepoteza. Alitoa nyumba ili aitoe aibu, kwa kuwa nukta mbili zikiondoka, mwana wa suria anakuwa Hassan, na kizazi cha Hussein kinabaki cha mke wa ndoa.

Nasema aibu, na naomba nieleweke. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekiriwa na baba yake ana nasaba kamili na anarithi sawasawa na ndugu zake. Sheria haikumpunguzia kitu. Waliompunguzia ni watu, kwa vijembe vya harusini na minong'ono ya uchumba. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria za Zanzibar iliwaacha masuria nje, na hawakuingizwa mpaka 1909. Mama yake Hussein, basi, alikuwa bado suria hati ilipoandikwa, miaka mitano baada ya wengine kupewa njia ya kudai uhuru. Mwandishi asiyeijua tarehe hii ataandika kisa cha urithi tu, na mimi sitaki kisa cha urithi tu.

Bibi anahitaji ushahidi wa pili, nao haumo katika karatasi. Anaupata kwa imamu mzee, ambaye kila mwaka kabla ya Ramadhani alipokea kutoka kwa marehemu pesa za kusomesha khitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea maiti, ya mwanamke mmoja. Jina la mwanamke yule lilikuwa moja tu, bila "binti fulani" mbele yake. Imamu hakuwahi kuuliza. Mtu aliyemkana bibi yake, mama yake Hussein, kwa kisu alimwombea rehema mpaka mwaka aliokufa.

Sasa bibi anajua, na ugumu wa hadithi ndipo unapoanza. Akisema mbele ya kadhi, watoto wa marehemu wanapata nyumba yao, na kile alichokisitiri baba yao kinasomwa kwa sauti. Akinyamaza, amesitiri na amedhulumu. Wahenga wamesema siri ya mtungi aijuaye kata, na ndiyo maana mimi ningempeleka kwanza kwa mjane. Askari hawezi kuingia kule: mjane ni kizuka, yumo edani miezi minne na siku kumi, haonani na wanaume wa nje. Mpelelezi mwanamke anaingia, anavua viatu, anakaa mkekani. Hatoi hati. Analitaja jina lile la khitma, basi.

Mjane anakaa kimya mpaka chai inapoa. Kisha anasema: "Alitoka Nyasa. Alinambia mara moja tu, usiku, mvua inanyesha." Anaomba aletewe watoto wake wote watatu, na mlango ufungwe.