Kaskazi bustanini: jinsi ya kuwakaribisha chozi na ndege wageni nyumbani kwako

Habari za asubuhi, watazamaji wangu. Ni saa kumi na mbili na nusu, mwezi wa Januari, hapa Tanga, na jua bado halijaanza kuchoma. Kabla sijasema mengi, tulieni kidogo msikilize. Hiyo sauti nyembamba, kali, inayorudiarudia juu ya ua wa michongoma, ni ya chozi, yule ndege mdogo anayefyonza utamu wa maua.

Naisogeza kamera taratibu. Mwoneni pale kwenye hibiskasi, lile ua jekundu lenye ulimi mrefu uliochomoza katikati. Huyo ni dume. Akiwa kivulini utadhani ni mweusi tu, lakini akigeuka juani anawaka kijani na zambarau. Sasa angalieni anavyokula. Ua ni refu kuliko mdomo wake, kwa hiyo haingilii mbele. Anatua kwenye kikonyo, anatoboa kitakoni mwa ua na kufyonza utamu kwa pembeni. Nimeokota hapa ua lililoanguka jana, ona katundu haka, kadogo kama kamechomwa na sindano. Ukiona matundu kama haya kwenye maua yaliyodondoka kwako, ujue chozi anakuja hata kama hujawahi kumwona.

Haya, tuanze kupanda. Wengi wananiuliza mbegu ya kununua. Kwa hibiskasi huhitaji mbegu, omba tawi kwa jirani. Chagua lenye unene wa penseli, lisiwe changa sana, ukate kipande cha sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, yabakize mawili matatu ya juu, kisha zamisha nusu ya kipande kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Kiweke kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usituamishe maji. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili kitakuwa na mizizi. Usiking'oe kuangalia! Majani mapya yakichipua, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Pembeni yake panda mshubiri. Unapenda jua, hauchoki na ukame, na mlingoti wake wa maua ni imara. Hilo ni jambo la maana, kwa sababu chozi hupenda kutua ndipo anywe, kwa hiyo ua lenye bua legelege halimfai sana. Kama una mgomba, usiwe na haraka ya kukata ule moyo wa zambarau unaoning'inia chini ya mkungu. Kila ganda linapofunuka kuna maua yenye utamu, na chozi wanaujua muda wake kuliko sisi. Mlonge nao ukichanua hawabanduki.

Msimu huu wa kaskazi jua linakausha udongo kabla ya adhuhuri, basi mwagilia jioni, shinani, na utandaze majani makavu au nyasi kuzunguka shina. Mimi hutumia makuti yaliyochakaa.

Sasa maji ya ndege. Nisikilizeni vizuri hapa, maana kwa joto hili naona maji yanaleta ndege wengi kuliko hata maua. Chukua chombo cha udongo kilicho bapa, mfano wa huu mfuniko wa chungu. Geuza upande uliobonyea uwe juu, weka maji ya kina cha vidole viwili au vitatu tu, na jiwe moja katikati linalochomoza. Ndege mdogo anaogopa kina asichokiona mwisho wake. Chombo kiinuliwe juu ya gogo au matofali, mbali na kichaka kama hatua tatu hivi, ili paka asipate pa kujibanza.

Na maji hayo yamwage kila siku, usugue chombo, uweke mapya. Kwenye joto kama hili yai la mbu linaweza kufika kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Hatutaki kualika ndege tukawaletea watoto wetu dengi.

Jambo linalofuata linaniuma hadi leo. Mwaka juzi, mwezi kama huu, nilipogoa michongoma hii nikitaka inyooke. Nikakata tawi, likaanguka, nikasikia kitu chepesi. Kumbe ni kiota cha chozi: kifuko cha nyasi kilichoning'inia, mlango ubavuni, kimefumwa kwa utando wa buibui. Ndani mlikuwa na mayai mawili. Tangu siku hiyo sipogoi kabla ya kukagua tawi kwa tawi, tena kwa mkono. Na utando wa buibui ulioko kwenye michongoma na chini ya paa la banda siufagii, ndio uzi wao wa kushonea.

Dawa ya kuua wadudu pia niliacha. Chozi mkubwa anakunywa utamu wa maua, lakini vifaranga wake huwalisha wadudu na buibui. Ukipuliza sumu kwenye maua umemnyima chakula cha watoto. Vidukari wakizidi, mimi huwapiga kwa maji ya bomba asubuhi, au hupangusa majani kwa maji yenye sabuni kidogo.

Makombo ya chakula yafunike. Yakikaa wazi yanaita kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni Bara Hindi, na waliletwa Zanzibar miaka ya 1890. Wanakula mayai na vifaranga vya ndege wetu bila huruma.

Tazameni kule juu kwenye waya. Wale waliojipanga ni mbayuwayu, wenye mikia kama mkasi. Hawa ni wageni kutoka Ulaya na Asia, kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na amevuka bahari na jangwa kufika hapa. Hawana haja na maua. Wanafuata wadudu wanaoruka juu ya bustani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuweka sumu pembeni. Itakapofika Machi na Aprili wataanza safari ya kurudi.

Ukitaka kuwatazama, weka kigoda mahali pamoja kila siku, saa ile ile, mavazi yasiyong'aa, simu bila mlio. Siku mbili tatu za kwanza watakukwepa. Mimi ilikuwa siku ya nne chozi akanywa nikiwa hatua tano kutoka kwake.

Ngoja, ngoja… jike huyo amerudi. Yule wa kijivu asiye na madoido. Ona mdomoni, amebeba utando, anaelekea kwenye tawi la michongoma. Nazima kamera, nimwachie nafasi.