Mwamba, Mikoko na Kipande cha Pweza: Dar es Salaam Isiyopiga Kelele

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na wageni waalikwa, asalaam aleikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuitembelea Dar es Salaam, na najua wengi wenu mnatarajia nianzie Kariakoo. Kariakoo haihitaji mpiga debe. Nawaomba tufuatane hadi Barabara ya Sokoine, alfajiri, foleni ikiwa bado haijaanza, tusimame mbele ya Boma la Kale.

Jengo hili lilijengwa mwaka 1866 na 1867 ili kuwapokea wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye alikuwa akijenga mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima. Wapita njia hutazama mlango wa nakshi, wakaridhika, wakaenda zao. Mimi nawasihi muingie ndani na kutazama juu. Dari imebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka, na juu ya boriti hizo yamelazwa mawe ya matumbawe yaliyoshindiliwa kwa chokaa. Ukuta nao ni matumbawe, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayohayo juu ya rundo la magogo. Bahari, kwa maneno mengine, ndiyo iliyotoa nyumba. Tena iliipimia: kwa kuwa boriti hailemewi na dari zito namna hiyo endapo urefu wake hauzidi sana mita 3, vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu vilikuwa vyembamba na virefu, hata pale tajiri alipotaka ukumbi mpana. Fundi alimsikiliza mkoko kabla ya kumsikiliza mwenye nyumba.

Mwendo mfupi kutoka hapo ipo Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribia mazao ya biashara. Kivuli chake ni kizuri, nasi tunakifurahia leo, ingawa waliopanda walikuwa wakiwazia faida zaidi ya kivuli.

Ninakotaka tukae zaidi ni Kunduchi, kaskazini mwa jiji. Pale yapo magofu ya msikiti, na kuuzunguka yapo makaburi yenye nguzo ambamo mafundi walipachika mabakuli ya kaure kutoka China. Kaure ilisafiri bahari nzima kufika pale. Jiwe lililoishikilia lilitoka hatua chache tu, kwenye pwani ileile. Simameni hapo dakika kumi bila kupiga picha. Kitakachosikika ni ndege na majani makavu chini ya miguu yenu, na ni vigumu kuamini kwamba barabara ya Bagamoyo haiko mbali.

Mkishuka ufukweni mtakuta mwamba unaendelea kulisha watu. Pweza hukaa katika mashimo ya mwamba, na wavuvi humfuata kwa miguu, na kijiti mkononi, maji yanapokupwa. Akishatolewa hupigwapigwa juu ya jiwe mpaka nyama ilegee, ndipo achemshwe. Jioni muuzaji humkata vipande vidogo kwenye meza yake ya mbao, mnachoma kimoja kimoja kwa kijiti na kuchovya katika pilipili, kisha anawamiminia supu katika kikombe. Mimi namwona mtamu zaidi kuliko samaki yeyote wa hotelini, na sitaki ubishi katika hilo.

Mara ya kwanza nilipokwenda kuwatazama wavuvi hao nilifika bahari imejaa, nikakuta mzee mmoja anashona wavu, akanicheka. Akaniuliza kama sikuutazama mwezi. Basi ninyi utazameni: siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Vaeni viatu visivyoteleza, kwani mwamba ni mkali na una nungunungu wa baharini.