Mgogo wa kwenye televisheni simjui

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu, na vijana wote habari za huko. Hapa Leicester ni saa mbili usiku, huko Dodoma mnakaribia saa tano, kwa hiyo wengi mtaiona hii asubuhi mkinywa chai. Leo sina mapishi, wala sitawaonyesha bei za madukani. Nina jambo linaloniuma na nataka nilimalize lote.

Nataka tumzungumzie Mgogo, mtu wa kabila letu la Dodoma, anavyoonyeshwa kwenye vichekesho vya televisheni za nyumbani Tanzania. Mnamjua. Kajifunga shuka iliyochakaa, anavuta maneno, hajawahi kuona lifti, na kabla kichekesho hakijaisha lazima anyooshe mkono aombe. Akishanyoosha tu, kicheko kinapigwa. Mimi nimekulia Kongwa, huko huko Dodoma, mama yangu ni mtu wa Mpwapwa, na katika ukoo wetu wote mtu wa namna hiyo sijamwona. Nawajua wakulima wa uwele na mtama, nawajua wafugaji, walimu, manesi, mafundi cherehani, watu wenye mizabibu Hombolo na Mpunguzi. Nawajua kina mama wa muheme, wanaobana ngoma katikati ya mapaja wakaipiga mpaka uwanja unasimama. Huyu wa kwenye kioo nani kamzaa?

Najua mtaniambia, dada, lakini ombaomba wa Dodoma wapo Dar es Salaam. Wapo. Wamekamatwa, wamerudishwa makwao, wakaenda tena. Sitaki kuficha hilo. Ninachouliza ni kwa nini wale wachache waliokaa kwenye taa za barabarani wamefanywa kuwa sura ya watu wote wa Ugogo, wakati tapeli wa mjini hajafanywa kuwa sura ya mji wake.

Sasa niwaeleze nilivyoanza kuliona jambo hili kwa uzito. Kazi yangu hapa ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Pale sebuleni televisheni inawashwa asubuhi na haizimwi mpaka watu walale, kwa hiyo matangazo ya Uingereza nimeyashiba. Mchana ndiyo yanakuja ya misaada. Mtoto mweusi, nzi usoni, piano inalia polepole, halafu sauti nzito ya Mwingereza inakwambia pauni chache tu kwa mwezi zitamwokoa. Mtoto yule mara nyingi ana jina la kwanza tu. Mama yake amekaa pembeni, na kama ana la kusema hatulisikii. Anayeongea siku zote ni mgeni.

Siku moja bibi mmoja, mpole kweli, alinishika mkono wakati namnywesha chai akaniuliza kama kwetu kuna maji, na kama nilikuwa nakula nilipokuwa mdogo. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Ametazama picha ile ile kwa miongo, na picha imemfundisha. Nikamjibu kwa upole. Lakini usiku nilikosa usingizi, kwa sababu nilijua nimewahi kuliona jicho lile la huruma. Nililiona Dar es Salaam, kwa mtu aliyeniuliza natoka wapi, nikasema Dodoma, akacheka na kuingiza mkono mfukoni eti anipe mia mbili.

Ndugu zangu, Mwafrika wa kwenye tangazo la Uingereza na Mgogo wa kwenye vichekesho vya nyumbani ni mtu mmoja. Wote wawili mkono uko mbele. Wote wawili wamenyimwa la kusema. Tofauti ni kwamba mmoja anatoa machozi na mwingine anatoa kicheko, na sisi tunaochukia kuchorwa hivyo na wazungu tumekaa sebuleni tunawachora hivyo hivyo ndugu zetu.

Hapa Uingereza vichekesho na misaada viliunganishwa kabisa. Mwaka 1985, wakati wa njaa ya Ethiopia, mwandishi Richard Curtis na mchekeshaji Lenny Henry walianzisha shirika la Comic Relief. Kuanzia 1988 wakawa na siku yao, watu wanavaa pua nyekundu, usiku mzima ni vichekesho kwenye televisheni, na katikati wanaingiza filamu fupi za Afrika inayolia. Fedha nyingi zilipatikana na watu wengi walisaidiwa, hilo silipingi hata kidogo. Ila fikiria kizazi kizima kinakua kikiona kwamba Mwingereza ni wa kuchekesha na Mwafrika ni wa kulia. Mwaka 2019 mtangazaji Stacey Dooley alipiga picha Uganda akiwa amembeba mtoto, mbunge David Lammy akapaza sauti kwamba dunia haihitaji wazungu waokoaji zaidi. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Mwaka 2020 shirika likatangaza kwamba halitatuma tena watu maarufu kwenda kupiga filamu Afrika, na kwamba litawapa kazi hiyo watengeneza filamu wa Kiafrika. Kwa hiyo inawezekana. Watu walisema, picha ikaanza kubadilika.

Mtu akisikia ujumbe uliofichwa kwenye matangazo, akili inakwenda kwenye uchawi wa picha zinazopita haraka usizione. Hiyo nayo ina historia yake. Mwaka 1957 Mmarekani aitwaye James Vicary alidai kwamba kwenye jumba la sinema alikuwa akimulika maneno ya kuwaambia watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuyasoma, na kwamba mauzo ya bisi yalipanda kwa zaidi ya nusu. Dunia ikaogopa. Mwaka 1962 akakiri kwamba hakuwa na ushahidi wa maana. Lakini mpaka leo watu wanautafuta ule ujumbe wa kasi, na hawauoni huu unaokaa mbele yao sekunde thelathini, kila siku, mchana kweupe.

Mfano wake ni kicheko chenyewe. Miaka ya 1950 huko Marekani fundi wa sauti Charles Douglass alitengeneza mashine ya kuchezesha vicheko vilivyorekodiwa, ili mchezo usio na watazamaji uonekane una watu wanaochekelea. Na kwetu siku hizi klipu ya kwenye simu haikosi kicheko cha kubandika. Kicheko kile kinakuelekeza. Kinakwambia hapa ndipo pa kucheka, na mtoto wa miaka sita aliyekaa mkekani anajifunza kwamba lafudhi ya bibi yake ni kosa.

Nitajibiwa kwamba ni utani tu, Watanzania tuna utani wa makabila na ndio uliotuunganisha. Naam, na mimi naupenda utani, nimelelewa nao. Mtani wangu akija msibani atalala kwenye njia ya jeneza, atadai apewe hela ndipo tupite, na hakuna anayekasirika. Lakini mtani ananitania usoni, nami namrudishia, na siku nikifiwa yeye ndiye anayeshika jembe. Ana haki na ana wajibu. Televisheni haina mtani. Inanisema na siwezi kuijibu, nikifiwa haiji. Ukiondoa kule kujibizana na kule kuzikana, kinachobaki ni kumsema mtu tu.

Na ubaya zaidi, kichekesho kile kinafuta historia. Watu wanadhani kuomba ni tabia ya Mgogo, kama vile tumezaliwa nayo. Waulizeni wazee kuhusu Mtunya. Ni njaa ya 1917 hadi 1920. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita kwenye ardhi yetu, Wajerumani wakachukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, wakaja Waingereza nao wakachukua, halafu mvua ikagoma. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 walikufa kama 30,000. Mtu mmoja katika kila watano. Familia zilitawanyika kutafuta chakula kwa majirani. Watu walionyang'anywa akiba yao na majeshi mawili, wakahangaika, leo ndio wanaochekwa kwa kuhangaika.

Na kwetu Kongwa? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa kulima karanga kwenye mamilioni ya ekari, kwa kuwa kwao mafuta ya kupikia yalikuwa haba baada ya vita. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu ikawashinda. Udongo wakati wa kiangazi uligeuka mgumu karanga zisichimbike, na mvua haikuja kama walivyoandika kwenye karatasi. Ilipofika 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 zimepotea. Wenyeji waliijua mvua ya pale na ardhi ya pale. Sijawahi kuona kichekesho ambacho Mgogo amekaa chini ya mti anatazama wataalamu wanazama. Kipo pale kinasubiri mwandishi, na kingechekesha kweli.

Halafu kuanzia miaka ya 1960 Kongwa hiyo hiyo ilipokea kambi za wapigania uhuru, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Watu wanaoitwa ombaomba waliishi na wageni wenye bunduki, jirani kwa jirani, wakati mataifa mengine yanaogopa. Hii haimo kwenye mchezo wowote wa Jumapili jioni.

Matangazo ya biashara nayo, nitapita haraka lakini siyaachi. Sabuni ya unga: mama anafua, mtoto wa kiume ametoka kwenye mpira na tope, baba anatokea mwishoni na shati jeupe. Kiungo cha mchuzi: mama mkwe anaonja, mke amesimama anasubiri hukumu. Mkopo wa benki: baba anasaini, mama anatabasamu nyuma ya bega lake. Na karibu wote weupe wa ngozi. Sheria yetu inakataza vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, mnajua madhara ya mkorogo, lakini bango linaloonyesha kwamba mrembo ni mweupe halina zebaki, kwa hiyo linapita.

Lililonikera kuliko yote lilikuwa tangazo la simu. Bibi ameketi mbele ya tembe, anashangaa simu kama ameona shetani, kijana wa mjini anamfundisha kubonyeza. Kwanza bibi zetu wanatuma na kupokea fedha kwa simu kuliko hao vijana. Pili, ile tembe. Nyumba ile ya paa bapa la udongo imejengwa kwa akili ya nchi yenye mvua chache na jua kali. Mchana ndani kuna ubaridi, na ng'ombe wanalala salama uani katikati. Kwenye tangazo imewekwa kama alama ya kutojua kitu. Mwenye tangazo hakusema neno baya hata moja, na bado ujumbe umefika.

Huku Uingereza, kuanzia Juni 2019, chombo kinachosimamia matangazo, ASA, kina kanuni inayokataza tangazo lenye dhana potofu kuhusu mwanamke au mwanamume zinazoweza kuleta madhara au kuwaudhi watu vibaya. Agosti mwaka huo walipiga marufuku mawili kwa mara ya kwanza. Moja la jibini ya Philadelphia, lililowaonyesha akina baba wanasahau watoto wachanga kwenye mkanda wa kupitishia chakula. Lingine la gari la Volkswagen, ambapo wanaume wanakwenda anga za juu na mwanamke amekaa kwenye benchi na kigari cha mtoto. Wengine walisema wamezidisha. Mimi naona sawa, kwa sababu lilianza na watazamaji wa kawaida walioandika malalamiko. Kwetu kuna TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na ina Kamati ya Maudhui. Tumezoea kuisikia kwenye habari za matusi na mavazi. Hakuna anayetuzuia kuandika barua kuhusu kabila linalodhalilishwa kila wiki, au mlinzi wa Kimasai ambaye kila mchezo lazima awe mjinga, au dada wa kazi anayepigwa makofi ili watu wacheke.

Wasanii, sisemi msituchekeshe. Mgogo achekeshe! Mpeni kazi pale Mtumba kwenye mji wa Serikali, awe afisa mwenye msimamo anayemchosha mla rushwa. Mwekeni kwenye SGR, ile treni mpya ya umeme kutoka Dar, anabishana kuhusu kiti na Mhaya, na wote wawili wana hoja. Mwekeni awe mama wa zabibu Hombolo anayemzidi dalali mahesabu. Mwacheni aseme Kigogo chenyewe, mtafute mwigizaji anayekijua, badala ya kumbandika mtu wa mjini lafudhi ya kubuni. Vijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mnaorekodi kwa simu jioni pale Nyerere Square, ninyi hamhitaji ruhusa ya kituo chochote. Kikundi cha Chamwino kimeonyesha kwa muziki wa Cigogo, yaani muziki wetu Wagogo, kwamba watu wanasafiri kutoka mbali kuja kutusikiliza tukiwa sisi wenyewe.

Nikijaliwa kuja Desemba nitarekodi na mtakaokuwa tayari. Andikeni hapo chini mchezo au tangazo lililowauma, na mseme lilikuwa na nani anaongea na nani kanyamaza. Na wale mliosimuliwa habari za Mtunya na bibi na babu zenu, nitumieni kwa sauti, kwa Kigogo kama mlivyosimuliwa, nami nitaweka maelezo ya Kiswahili chini ya video ijayo.