Wendapi? Mazungumzo juu ya kutembea bila shughuli

Assalaam alaykum. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, mie sauti yangu si ya kupiga makelele.

Nimeambiwa nije Chake Chake nizungumze juu ya kutembea kwa miguu na afya ya mwili na nafsi, nikacheka, manake mamangu angekuwa hai angeshangaa, yeye kila siku akitoka kwa miguu hadi shamba na kurudi na mzigo wa kuni kichwani na hakuna hata mmoja aliyemwita aje kutoa mhadhara. Wazee wetu wametembea jamani. Lakini walitembea na jambo. Mie nataka kusema habari ya kutembea bila jambo, na hilo ndo gumu kwetu Pemba, gumu kuliko vilima vyetu vyote, na vilima vyenyewe mwavijua, hata kile kirefu kabisa mita 150 hakifiki.

Ugumu wenyewe ni suali moja tu. Wendapi?

Mume wangu alifariki, Mungu amrehemu, nikakaa eda miezi 4 na siku 10, na eda ilipokwisha nikajikuta sitoki. Sikatazwi na mtu, mlango uko wazi, ila miguu haitaki. Presha ikapanda, usiku silali, napika mchuzi natia chumvi mara mbili. Daktari akanambia bibi tembea, dakika 30 kwa siku, siku 5, zikipigwa hesabu ndo hizo dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima asipungukiwe, na dawa zako usiache. (Hilo la dawa nalirudia, kuna watu wakianza kutembea wiki mbili tu washavitupa vidonge. Usivitupe.) Basi siku ya kwanza nimevaa buibui langu na raba za mwanangu, sijaufikia hata mwembe wa jirani, "Bi mkubwa, wendapi?" Nikasema nenda dukani. Ikabidi nende dukani kweli, nikanunua kibiriti. Siku ya pili kibiriti. Mpaka leo nyumbani kwangu vibiriti havijaisha.

Nikapata akili, nikachukua pakacha tupu. Ukibeba pakacha hakuna wa kukuuliza, wenda shamba huyo. Nimetembea hivo karibu mwezi mzima, raha mustarehe, mpaka kijana mmoja mchunga ng'ombe, mtoto wa miaka 9 hivi, akachungulia akanambia bibi mbona pakacha lako halina kitu? Nikamwambia ndo nenda kutia. Akasema, "Na jana uliporudi?"

Mcheke tu, nami nilicheka, lakini baadae usiku nikakaa nikafikiri. Mie mtu mzima, nina wajukuu, nadanganya watu kwa pakacha kwa sababu naona haya kusema natembea tu. Kwani haya ya nini? Nikaona maisha yangu yote sijawahi kuwa mahali bila ya kutumwa, ama na mama, ama na mume, ama na watoto, ama na tumbo langu mwenyewe. Kesho yake nikaliacha pakacha nyumbani, na aliponiuliza wa kwanza nikamjibu siendi pahali. Habari zikafika kwa mwanangu Unguja kabla ya adhuhuri, akapiga simu, mama uko sawa?

Sasa njia yangu. Mie nakaa upande wa Konde, nashika njia ya msitu wa Ngezi. Kwanza mabonde ya mpunga, halafu mikarafuu, na msimu wa kuchuma karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, harufu mpaka koo lawasha. Jua likishapanda linakuchoma hasa. Halafu unaingia msituni na ni kama umeingia msikitini mchana wa joto ukakanyaga sakafu, mwili wote unapoa. Mna mivule humo huioni ncha, na ule mpapindi, mti wa jamii ya mipopoo, ambao kwao ni Pemba tu duniani kote. Na popo wetu wale wakubwa, akikunjua mabawa ni mita moja na nusu na zaidi, ambao kufika miaka ya 1990 walikuwa karibu kwisha, na msijifanye hamjui walikokwenda, sie ndo tuliokuwa tukiwala. Sasa wamerudi, alhamdulillahi, nendeni Kidike mukawaone walivyojazana mitini. Watu huniambia Ngezi mna mizimu, usipite peke yako. Mie na mizimu hatubishani, nasoma nnachosoma napita.

Siku moja humo njiani nikasikia mtu anagomba. Nikasimama nisikilize, kumbe ni mie. Nilikuwa namgombeza marehemu, kwa sauti, "Na ule ukuta umeniachia nusu, mie niupeleke wapi?" Alianza kujenga chumba cha uani akafa matofali yako kwenye linta. Miezi yote ile watu wananiambia pole kwa huzuni, nami najibu nshapoa, kumbe sikuwa na huzuni peke yake, nilikuwa na hasira, na nyumbani sikuipata nafasi ya kuisikia manake nyumbani kuna redio, kuna wageni, kuna sufuria. Nikalia pale pale mpaka nikachoka, nikaendelea mpaka ufukweni Vumawimbi, nikakaa mchangani, nikarudi kwa gari manake miguu ilikuwa haina kitu tena.

Wajapani wao wana jina lake, tangu 1982 serikali yao inawaambia watu wende wakaoge msitu, yaani kuvuta hewa na kutulia tu, si kuoga maji. Sie jina hatuna. Na mtu asinambie ni mambo ya wazungu wenye mabegi mgongoni, wala huhitaji begi. Raba zisizokubana, maji, utoke baada ya Alfajiri kabla jua halijakali. Masika njia za udongo zinateleza, ndara acha nyumbani, nishaanguka mimi na mkono nikaufunga wiki tatu. Na wanawake nendeni wawili watatu, lakini mukubaliane mapema kwamba nusu ya njia hamuongei. Hiyo ndo kazi kubwa, kuliko kilomita.

Ule ukuta nimeumaliza, kwa anaetaka kujua.

Sie tunatoka Jumamosi, tunakutana Konde sokoni saa 12 na nusu asubuhi. Naam, bibi wa mtandio wa kijani, sema. Mvua ikinyesha? Tutaroa.