Tetemeko juu ya ubao: tofali, msasa na mpira wa tyubu

Karibuni watazamaji. Leo tunatengeneza ufa wa ardhi hapa mezani, ili tuone kwa macho kitu ambacho wengi hukigeuza: mwamba unaoteleza taratibu hauleti tetemeko. Tetemeko linaletwa na mwamba uliong'ang'ania.

Andaa ubao wa mita moja na nusu, tofali la kuchoma, rula, selotepu pana, kamba ya nailoni mita mbili, mti wa kusukumia chapati, na mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa upana sentimita 2, urefu 30. Msasa nunua namba 60, ule wa kukatwa kwa mita, usichukue wa vipande, maana maungio yatakusumbua. Vaa miwani ya kukinga macho. Mpira ukikatika unarudi usoni.

Bandika msasa kwenye ubao, chenga juu. Kipande kingine kizungushe chini ya tofali, chenga zitazame chini, ukifunge ubavuni kwa selotepu. Pangusa vumbi la tofali kwanza, la sivyo selotepu haishiki.

Ngoja, sogeza kamera hapa. Mnaona ukingo wa msasa ulivyonyanyuka? Tofali litakwama hapo, na utadhani umepata ufa kumbe ni kona ya karatasi. Ng'oa, bandika upya. Haya, imelala.

Sasa funga mpira kwenye tofali, kamba kwenye mpira, kamba kwenye mti wa chapati. Sikiliza vizuri: mpira uwe sambamba na ubao. Pima kwa rula, sentimita 2 kutoka kwenye ubao upande wa tofali, sentimita 2 upande wa mti. Kamba ikipanda, inanyanyua pua ya tofali, uzito unahamia nyuma, na vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Mbele ya mti pigilia misumari miwili ili usiburutwe.

Zungusha mti robo mzunguko, hesabu hadi tatu, zungusha robo tena. Usivute kwa mkono, mkono una papara. Mabamba ya ardhi, yale mapande makubwa ya mwamba yanayobeba mabara, hayana papara: katika Bonde la Ufa, bamba la Somalia na bamba la Afrika yanaachana milimita chache tu kwa mwaka, mwaka hadi mwaka.

Angalia mpira, usiangalie tofali. Unarefuka, unakonda, tofali limetulia tuli… paa! Umeona? Nguvu ilikuwa imejikusanya kwenye mpira muda wote ule. Mwamba nao hupinda hivyo hivyo, kidogo sana, kwa makumi au mamia ya miaka, kisha hufyatuka kwa sekunde. (Hapa tofali linakwenda mlalo, kwenye Bonde la Ufa mara nyingi upande mmoja hushuka. Kukwama na kufyatuka ni kule kule.)

Kabla hujarudia, kagua tena: mpira sambamba. Kila baada ya mfyatuko fundo hupanda.

Pima kila mruko, andika, fanya ishirini. Usifute mifupi. Utakuta mmoja sentimita 3, mwingine 9, mwingine nusu, ingawa mti umezungushwa sawasawa. Basi anayesambaza ujumbe WhatsApp kwamba tetemeko litapiga kesho saa nane usiku hana kipimo cha kujua hivyo. Hakuna mwenye nacho duniani.

Mawimbi sasa. Weka bakuli la maji mwisho wa ubao, litatikisika. Tetemeko lina mawimbi ya aina mbili, P na S, lakini hutazitenganisha hapa, ubao ni mfupi mno. Panga watu sita bega kwa bega. Msukume wa kwanza ubavuni: msukumo unapita kwa kubanana, hiyo ni P, kama kilomita 6 kwa sekunde kwenye mwamba wa juu. Kisha mwinamishe mbele na kumrudisha, wameshikana mikono: hiyo ni S, kama 3.5. S haipiti kwenye maji, kwa sababu maji hayashikani hivyo.

Basi P hufika kwanza, S hufuata, na pengo hilo ndilo linalotupa umbali. Hesabu sekunde kati ya P na S, zidisha kwa 8. Sekunde 25 ni kilomita 200. Vituo vitatu vya kupimia matetemeko, duara tatu kwenye ramani, zinapokutana ndipo kitovu. Kwa njia ya namna hii hutafutwa kitovu cha matetemeko kama lile la Kagera, 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Na 6.9 isikudanganye kuwa ni nyongeza ndogo: nishati yake ni kama mara 32.

Msasa ukianza kuteleza, unga umejaa katikati. Ufa halisi nao husaga mwamba kuwa unga. Piga brashi, endelea. Ukimaliza, legeza mti kwanza ndipo uguse fundo. Mpira uliovutwa usiuache mezani, mtoto atapita.