Betri Mbovu na Jirani wa Kiwanda: Uchumi wa Mazingira Ukitazamwa Kutoka Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Ahsanteni kwa kuja na joto lote hili.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa miaka ya karibuni kuhusu biashara ya dunia na mazingira. Uwanja huo ni mpana, na siwezi kuumaliza kwa jioni moja. Nitaanza na swali lililowashughulisha wachumi tangu miaka ya 1990, kisha niteremke hadi Mikindani, mtaa wa hapa Mombasa, maana huko ndiko jambo hili linaniuma.

Swali lenyewe ni hili: nchi ikifungua milango yake kwa biashara, hewa yake huchafuka zaidi au husafika? Mwaka 1991 Gene Grossman na Alan Krueger walilikabili wakati Marekani, Kanada na Mexico zikijadiliana mkataba wa biashara huria. Wengi walihofia kwamba viwanda vichafu vya Marekani vingekimbia sheria kali na kuhamia Mexico. Wawili hao walipochunguza takwimu hawakuona dalili kubwa ya uhamaji huo. Miaka 10 baadaye, Werner Antweiler, Brian Copeland na Scott Taylor walichapisha makala ambayo mpaka leo kila mwanafunzi wa fani hii huisoma. Walitumia vipimo vya dioksidi ya salfa vya miji ya nchi nyingi, wakatenganisha nguvu tatu. Biashara hukuza uzalishaji, na moshi huongezeka. Hubadilisha aina ya bidhaa ambazo nchi inatengeneza. Na hukuza kipato, watu wakapata nguvu ya kudai mitambo safi. Walipojumlisha yote, walikuta kwamba kwa gesi hiyo biashara ilielekea kupunguza uchafuzi.

Halafu mwaka 2018 Joseph Shapiro na Reed Walker walitazama viwanda vya Marekani. Kati ya 1990 na 2008 uchafu wa hewa uliotoka viwandani humo ulipungua kwa takriban asilimia 60, ilhali uzalishaji uliongezeka. Je, uchafu huo ulisukumiwa nchi nyingine? Jibu lao ni kwamba sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na sheria za ndani. Viwanda viliendelea kutengeneza bidhaa zilezile, ila kwa njia safi zaidi.

Nayasema haya mapema kwa makusudi. Huku kwetu ni rahisi mtu kusimama na kusema nchi tajiri zimesafika kwa kututupia sisi taka zao, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ukichukua viwanda vyote kwa wastani, utafiti hauungi mkono kauli hiyo, na anayetaka kusikilizwa bungeni au mahakamani asiitegemee. Lakini wastani huficha mitaa. Wasomi wa miaka hii ya karibuni wameanza kushuka mitaani, wakapima kwa maili badala ya kupima kwa nchi, na hapo picha inabadilika.

Tuchukue betri ya gari. Uzito wake mwingi ni madini ya risasi. Betri ikifa, madini hayafi: huyeyushwa, yakatengenezewa betri nyingine, tena na tena. Kwa hiyo betri mbovu ina bei siku zote. Mwenye gereji anaijua, kijana anayesukuma mkokoteni wa vyuma vikuukuu anaijua. Kuiyeyusha kwa usalama kunawezekana: mitambo iliyofungwa, vichujio vya moshi, damu ya wafanyakazi kupimwa kila mara. Vyote hivyo ni pesa. Asiyetaka kuzitoa hupasua betri kwa shoka, asidi ikamwagwa chini, vibamba vikatiwa kwenye tanuri lenye bomba fupi la moshi.

Sasa, Januari 2009 kiwango kipya cha risasi hewani kilianza kutumika Marekani. Kilishuka kutoka mikrogramu 1.5 kwa kila mita ya ujazo hadi 0.15, yaani mara 10. Ilikuwa sheria njema, na iliwakinga watoto wa huko. Shinsuke Tanaka, Kensuke Teshima na Eric Verhoogen, katika makala iliyotoka 2022, walifuatilia kilichotokea ng'ambo ya pili ya mpaka. Betri chakavu zilianza kuvuka kwa wingi kwenda kuyeyushwa Mexico, ambako kiwango kilikuwa kilegevu. Kisha wakafanya jambo ambalo ningependa tulishike vizuri, maana nitalirudia: walichukua kumbukumbu za watoto waliozaliwa Mexico, wakawalinganisha wale wa ndani ya maili mbili kutoka viwanda vya betri, yaani kilomita tatu na ushei, na wale wa mbali kidogo. Karibu na viwanda, idadi ya watoto wanaozaliwa na uzito mdogo ilipanda baada ya sheria ya Marekani kubadilika.

Mama wa Mexico aliyekuwa na mimba mwaka ule hakuulizwa na mtu. Bunge lake halikupitisha chochote, na kiwanda kilikuwa palepale tangu zamani. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa saini katika nchi nyingine.

Mnajua ninakoelekea. Owino Uhuru, hapa Mikindani, nyumba za mabati na udongo zilizobanana, na upande mmoja ukuta wa kiwanda cha kuyeyusha betri. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007 hivi, chini ya leseni ya maeneo ya mauzo ya nje, maana yake madini yalikuwa ya kusafirishwa kupitia bandari hii hii. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale. Alishughulikia ripoti ya athari kwa mazingira, akashauri kiwanda kihamishwe, akaondolewa kwenye kazi hiyo. Mwanawe mchanga aliugua, akapimwa hili na lile, mwishowe damu ikaonyesha sumu ya risasi. Mama huyo aliwakusanya majirani, akaandamana, akakamatwa, na hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Sisemi kiwango cha Marekani ndicho kilichowasha tanuri la Mikindani. Lilikuwa linawaka kabla yake. Nasema mwendo ni mmoja. Madini ya risasi yana mnunuzi duniani, kuyayeyusha kwa usalama kuna gharama, na kazi hutafuta mahali ambapo gharama hiyo hakuna anayeidai.

Tazameni njia inayopita sumu yenyewe. Moshi hupanda, ukashuka juu ya mabati. Masika yakija, mvua huosha mabati na maji yakatiririka kwenye ndoo iliyokingwa na kwenye mfereji wanamochezea watoto. Vumbi linaingia mlangoni. Mtoto anayetambaa anashika sakafu, anatia mkono kinywani. Mwili wake hauwezi kuitofautisha vizuri risasi na kalisi, basi huipokea, ukaipeleka kwenye mifupa na ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto yule akifika darasa la pili na herufi hazikai kichwani, mwalimu atasema ni mzembe. Na baba yake aliyefanya kazi tanurini alikuwa akirudi nyumbani na nguo zile zile.

Hiyo ndiyo gharama ambayo wachumi wanasema haimo kwenye bei. Mnunuzi wa madini yale alilipa mafuta, mishahara, usafiri na bandari. Ubongo wa mtoto haukuandikwa kwenye ankara. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilijaribu kuuandika: fidia ya shilingi bilioni 1.3, na lawama zikagawanywa kati ya wenye kiwanda na taasisi za serikali zilizokuwa na wajibu wa kusimamia. Mahakama ya Rufani ikaivuruga hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Hesabuni miaka kutoka 2007. Kwa mtaalamu wa uchumi, bei inayofika miaka 17 baada ya bidhaa kuuzwa haiwezi kumzuia muuzaji. Ilipaswa kuwepo siku leseni inatolewa.

Niguse bandari yenyewe. Wengi wetu tumekaa ufukweni pa Mama Ngina na karatasi ya mihogo mkononi, tukiangalia meli zikipinda kuingia Kilindini. Mwaka 2021 Kenneth Gillingham na Pei Huang walichapisha utafiti wa bandari za California. Kupima madhara ya moshi wa meli ni kazi ngumu, kwa sababu meli zikiwa nyingi uchumi nao umechangamka, malori ni mengi, kila kitu kimeongezeka kwa pamoja. Wao walitumia dhoruba za mbali baharini. Dhoruba huchelewesha au kugeuza meli, na haina habari na uchumi wa mji. Kwa njia hiyo walikuta kwamba meli moja zaidi bandarini kwa mwaka iliongeza safari tatu za hospitali kwa kila wakazi 1,000 Weusi wanaoishi ndani ya maili 25, na kwa Wazungu moja tu. Tangu Januari 2020 meli za dunia nzima zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5, kutoka 3.5 ya awali, na hiyo ni nafuu kubwa kwetu pia. Lakini huku kwetu tuna Shimanzi, tuna Changamwe, tuna foleni ya malori inayonguruma usiku kucha. Hesabu ya namna ile kwa mitaa hii inatusubiri sisi.

Magari ya mitumba nitayapitia haraka, ingawa najua ndugu zangu wa yadi wamekuja na maswali. Lucas Davis na Matthew Kahn walionyesha mwaka 2010 kwamba magari yaliyotoka Marekani kwenda Mexico yalikuwa machafu kuliko wastani wa Marekani lakini masafi kuliko wastani wa Mexico. Pande zote mbili wastani wa moshi wa kila gari ulipungua. Jumla ya moshi duniani ilipanda, kwa sababu Mexico gari hutunzwa likaishi miaka mingi zaidi. Kenya tuna kikomo cha miaka minane kwa gari linaloingia. Kikomo hicho huhesabu umri pale bandarini. Moshi wa gari lile likiwa na miaka 20, limeshapita mikono ya mafundi wangapi, hauhesabiwi, na kwa maoni yangu hapo ndipo kwenye kazi.

Kuna utafiti mmoja zaidi ambao lazima niutaje, kwa sababu unagusa mawakala wa forodha waliomo humu. Joseph Shapiro, yule yule, mwaka 2021 alikusanya viwango vya ushuru vya nchi nyingi na kuvilinganisha na kaboni ya kila bidhaa, yaani moshi wa kaboni unaotoka ikitengenezwa. Akakuta karibu kila mahali bidhaa chafu hutozwa ushuru mdogo kuliko safi. Ni kama ruzuku ya kaboni ya kati ya dola bilioni 550 na 800 kwa mwaka, na hakuna serikali iliyokaa ikaipanga. Sababu ni kwamba viwanda vya bidhaa za mwisho hushinikiza malighafi ziingie kwa bei nafuu, na malighafi kama chuma na saruji ghafi ndizo zenye moshi mwingi. Fungueni ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki: malighafi sufuri, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa kamili 25, na tangu Julai 2022 baadhi yake 35. Ulipangwa hivyo kulinda ajira, na ajira ni jambo zito. Hata hivyo, mezani hapo hakuna aliyeulizwa kuhusu moshi.

Ulaya nao wameanza kutoza kaboni mpakani: taarifa tangu Oktoba 2023, na wajibu wa kulipia bidhaa zinazoingia tangu Januari 2026, kwa saruji, chuma, aluminiamu, mbolea na vinginevyo. Wasafirishaji wetu itawabidi wajifunze kuhesabu kaboni, na watajifunza. Nina hofu moja. Utaratibu huo unapima kaboni ya bidhaa. Risasi kwenye damu ya jirani wa kiwanda hauipimi. Tukisubiri mnunuzi atupimie, atapima kinachomhusu yeye.

Kwa hiyo narudi kwenye zile kumbukumbu za uzazi za Mexico. Hazikuhitaji mashine ya ajabu. Uzito wa mtoto anapozaliwa huandikwa hapa pia, na muuguzi, kwa kalamu, kwenye kijitabu cha kliniki cha mama na kwenye rejista ya wodi. Mama huulizwa anakaa wapi. Kwa idhini na kwa kuficha majina, tunazo tayari nusu ya data waliyotumia wale watafiti watatu.

Wanafunzi wa uchumi na wa afya ya jamii mlioko hapa, ombi langu ni kwenu. Nendeni Mikindani, Jomvu na Changamwe. Tafuteni rejista za kabla tanuri halijawashwa, za miaka lilipokuwa likiwaka, na za baada ya 2014. Gaweni umbali kwa mita mia mia kutoka ule ukuta, maana nyumba zetu zimesogeleana mno kwa maili mbili kutuambia kitu. Pimeni na udongo, maana risasi haiozi. Wazee wa mtaa watawaonyesha mifereji ilikopita, wao wanaikumbuka. Anayehitaji barua ya kuombea ruhusa, anione mkutano ukiisha, na tuanze maswali na akina mama kule nyuma, walioinua mikono muda mrefu.